Mafundo Tisa Kwenye Kamba ya Baba

Mpendwa Mama Magdalena,

Shikamoo. Mimi sijazoea kuandika, masista walinifundisha miaka minne tu, kusoma, kuandika na kushona, kisha nikaolewa, lakini gazeti hili hutufikia huku milimani likiwa limepita mikono mingi, na nimeona unavyowajibu wenzangu bila kuwapaka mafuta, kwa hiyo naomba na mimi unijibu, hata kwa ukali, ila iwe upesi, kwa sababu Noeli inakuja na mimi nimejifungia mahali ambapo sioni mlango wa kutokea. Ukichapa, tafadhali badili majina yetu.

Nina watoto wawili, Rosa ana miaka mitano na Petro ametimiza mitatu majuzi. Mume wangu, Severini, alikwenda kujenga reli baada ya Pasaka, huko mbele ya Tabora, wala hakwenda kwa kupenda, jumbe wetu alitakiwa na serikali kutoa watu, na jina la Severini lilikuwa limeshatajwa. Kwetu mwanamume anayekwenda safari ndefu humwachia mkewe kamba yenye mafundo, kila siku mke anafungua moja, na kamba ikinyooka mume yuko njiani. Severini aliandikiwa vipande sita, na kipande kimoja ni siku thelathini za kazi zinazotiwa alama kwenye karatasi yake, Jumapili haimo na siku ya homa haimo, basi akakaa kizingitini tangu asubuhi akafunga kamba sita, kila moja mafundo thelathini, akazitundika ukutani mahali mkono wa mtoto unapofika. Akamwambia Rosa, mfunguaji ni wewe, mama yako ana kazi nyingi. Jumapili tusifungue, kwa sababu na yeye siku hiyo haandikiwi.

Tangu hapo kamba zile zikawa shule yetu. Shule ya misheni haipokei watoto wadogo hivi, na sasa hata wakubwa wako likizo, mvua za vuli zimetufungia ndani, ukungu unashuka mpaka mlangoni, na mtoto asiye na kazi ya mikono ananishika nguo mchana kutwa siwezi hata kutwanga. Kwa hiyo asubuhi Rosa anafungua fundo, anahesabu yaliyobaki, anatoa maharage kwa idadi hiyo hiyo na kuyapanga kwenye ungo, mekundu upande mmoja na yenye madoa upande mwingine. Nikimaliza kupika namwaga majivu yaliyopoa kwenye kigae kipana, wanaandika kwa kijiti, Rosa anaandika jina lake lote na la baba yake mpaka herufi ya tatu, Petro anaijua O tu na anaiita yai. Mabua ya mahindi tunajengea nyumba, mbegu za maboga tunatungia shanga, na Majilio yalipoanza nikawaambia mwaka huu tutatengeneza pango la Noeli letu wenyewe, tusingoje kuona la kanisani. Udongo wanauchota wenyewe mtoni, tunaukanda, tunafinyanga, tunaanika juu ya meko. Kondoo tunawabandika sufi. Nguo za wachungaji tunazipaka bizari na masizi na udongo mwekundu. Kondoo wa Petro alikuwa na miguu mitano, Rosa akamcheka, Petro akajibu kwamba wa tano ni wa kupumzikia.

Nakueleza haya yote ili ujue kwamba nyumba yangu haikuwa nyumba ya huzuni.

Tulikuwa tunakanda udongo siku aliyokuja Yakobo. Yakobo ni kijana wa ng'ambo ya mto aliyekwenda reli pamoja na mume wangu. Alisimama nje kwenye mvua, nikamkaribisha akakataa kuingia, na mkononi alikuwa na blanketi. Rosa akalikimbilia, akasema hili la baba. Yakobo akanitazama mimi, kisha akamtazama mtoto, akasema, "Ndiyo. Amenituma nilitangulize."

Nikaenda naye nyuma ya jiko, mikono yangu ina udongo mpaka kwenye viwiko. Akaniambia kwamba Severini ameshakufa, ni homa, siku saba, na wenzake walimzika kando ya njia ya reli, Yakobo mwenyewe alichonga msalaba. Akanipa na karatasi yake ya kipande. Nikaisoma mwenyewe, Mama Magdalena, nilitamani siku hiyo ningekuwa sijui kusoma. Vipande vinne vimejaa. Cha tano kimeandikwa mpaka siku ya kumi na saba, baada ya hapo ni weupe mtupu. Maana yake ni kwamba kamba ya tano tuliimaliza na ya sita tukaianza, tunafungua, tunahesabu, tunapanga maharage, na mwenye siku zake yuko chini ya ardhi.

Watoto walikuwa ndani wananiita niwaonyeshe jinsi ya kufanya masikio ya punda. Nikamwambia Yakobo asimwambie mtu yeyote mpaka Noeli ipite. Nilifikiri nitawaachia sikukuu moja tu. Nikanawa mikono nikaingia nikafanya masikio ya punda.

Siku ile mafundo yalikuwa yamebaki kumi na moja. Yalipofika tisa nikaona yatakwisha kabla ya Noeli, nami sina cha kusema. Basi kila watoto walipokwenda kuchota udongo, nikawa nafunga fundo jingine. Anafungua moja, nafunga moja. Nilisahau kwamba nilimfundisha Rosa vizuri.

Siku ya tatu akaniambia, "Mama, jana yalikuwa tisa."

Nikasema ndiyo.

"Nikafungua moja."

Ndiyo.

"Mbona tisa tena?"

Nikamwambia, "Umehesabu vibaya. Rudia."

Akarudia. Akayagusa moja moja kwa kidole, akarudia kwa vidole vyake, akarudia kwa maharage. Mimi nilikuwa nachambua mboga, sikuinua kichwa. Mwishowe akasema ni kweli, amekosea. Tangu siku hiyo hataki kuhesabu kitu chochote, si maharage, si vifaranga, nikimwambia nihesabie vikombe ananiambia hesabu wewe, mimi sijui. Majivu haandiki. Kondoo amewaacha bila sufi, Petro ndiye anayeendelea peke yake, na sufi anaibandika kwenye pua yake.

Kisha juzi asubuhi nikaikuta kamba ina mafundo manne. Nikauliza ni nani amefungua. Petro akasema, "Rosa ameiba siku."

Rosa akasema hakuiba, amesaidia. Alikuwa anafungua kila nikienda shambani, mara mawili, mara matatu, nami nilikuwa nafunga kila akienda mtoni, tukawa tunapishana hivyo mimi na mwanangu kwenye kamba ya marehemu. Halafu akaniuliza, bila kulia, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi, "Mama, baba haji kwa sababu sijui kuhesabu?"

Nilimtuma kuni.

Tena kuna jambo lingine. Mama mkwe wangu anakaa chini, Kilakala, naye hana mtoto mwingine wa kiume. Ametuma salamu kupitia wanawake wanaoshusha mboga sokoni, kwamba mkesha wa Noeli atapanda kuja kumpokea mwanawe, na sisi tusichinje chochote, yeye ana jogoo wake aliyemnenepesha tangu Severini aondoke. Nimepokea salamu hizo nikajibu karibu sana, mama. Kwetu kilio hupigwa siku ile ile habari inapofika, na anayeificha habari ya kifo watu humtazama kwa jicho jingine, watauliza alikuwa anaficha nini. Yakobo naye amekuja jana, hakai, hali, amesema, "Shemeji, huu mzigo haukuandikwa kwenye kipande changu. Watu wananiuliza njiani. Mimi nitapita vichakani mpaka lini?"

Nimechoka. Nikipika nachoka, nikikaa nachoka zaidi. Mbele ya watoto silii, natoka nje kana kwamba naangalia mvua. Naomba uniambie, niwaache wale Noeli yao kwanza, au niseme sasa, na nikisema, mtoto wa miaka mitano anaambiwa kwa maneno gani, maana masista walinifundisha maneno mengi lakini hayo hawakunifundisha.

Mimi, mama wa watoto wawili, milima ya Uluguru

JIBU

Mama mwenzangu,

Pole. Pole sana kwa mumeo, na pole kwa siku zote hizi ulizoomboleza huku unafinyanga kondoo. Barua yako imenifikia wiki ya tatu ya Majilio. Gazeti letu hutoka mara moja kwa mwezi, na jambo lako halingoji mwezi, kwa hiyo nimekuandikia kwanza kwa mkono, barua inakuja na gari la moshi la kesho, mkononi mwa mwanamke ninayemwamini. Ninayoyachapa hapa ni yale yale, kwa ajili ya wengine wenye kamba ukutani.

Sasa nivumilie, maana umeomba ukali.

Uliponyamaza siku ile Yakobo yuko kwenye mvua, sikulaumu. Mtoto alikuwa ameshika blanketi, wewe una udongo mikononi, mtu gani angepata maneno? Siku ya pili pia nakusamehe. Lakini ulipomwambia mtoto aliyehesabu sawasawa kwamba amehesabu vibaya, hapo hukumkinga, ulijikinga wewe. Ulimfundisha miezi saba aamini vidole vyake, kisha kwa neno moja ukamwambia visiaminike, naye akakuamini wewe, kwa sababu wewe ni mama yake. Sasa anafikiri baba yake amekwama njiani kwa ujinga wake yeye. Unaniuliza umwachie Noeli. Noeli gani? Mtoto huyo hana sikukuu tangu siku ile. Wewe ndiwe uliyebaki ukiisherehekea peke yako na Petro.

Na mama mkwe wako. Hapa nitakugombeza kweli. Yule ni mama wa Severini. Umepata majuma mawili ya kujua, yeye amepata majuma mawili ya kumlisha jogoo. Ukimwacha apande mlima ule mkesha wa Noeli, afike mlangoni akitabasamu, ndipo asikie, hatakusamehe, na mimi nitakuwa upande wake.

Basi fanya hivi.

Watoto waambie kwanza, kabla hujamwambia mtu mwingine. Ukianza na watu wazima, kilio kitakutangulia nyumbani na Rosa atasikia kwa jirani. Sema mchana, watoto wakiwa wameshiba. Usiwakalishe kama wako kanisani. Kaa chini nao.

Sema baba amekufa. Neno lenyewe. Usiseme amelala, nimewahi kukaa na mtoto aliyeambiwa hivyo, akawa anakataa kulala mpaka akaugua. Usiseme amesafiri, maana ameshasafiri na wamemngoja. Usiseme Mungu alimpenda zaidi, Rosa atakuuliza kwani sisi hatukumpenda. Sema aliugua homa kali huko reli, mwili wake ukashindwa, akafa, Yakobo na wenzake wakamzika vizuri, na hawezi kurudi.

Kisha sema hili, na uliseme ukimtazama usoni: "Rosa, ulihesabu sawa. Yalikuwa manane. Mimi ndiye niliyefunga jingine, kwa sababu niliogopa kukuambia. Aliyekosea ni mimi." Usilipambe na usilifupishe. Najua ni vigumu kwa mzazi wa kwetu kumwambia mtoto, nimekosa, tumelelewa tuone kwamba heshima itavunjika. Haitavunjika. Mtoto wako anahitaji sana kusikia kwamba baba yake hakuchelewa kwa sababu yake, na hakuna mwingine anayeweza kumwambia akaamini, kwa kuwa wewe ndiwe uliyemwambia uongo.

Atakavyofanya baada ya hapo sijui. Huenda akalia, huenda akaomba uji, huenda akaenda kucheza ukafikiri hakusikia. Amesikia. Petro hataelewa, na kesho atauliza baba yuko wapi, na keshokutwa. Mjibu maneno yale yale kila mara, bila kumfokea, hata kama ni mara ya ishirini na wewe unakoroga ugali.

Kamba iliyobaki usiitupe motoni kwa siri. Siri zimetosha kwenye nyumba hiyo. Mpe Rosa, aamue kuifungua yote au kuiacha.

Siku hiyo hiyo, au alfajiri ya kesho yake, shuka Kilakala ukiwa na Yakobo. Umchukue kwa sababu yeye ndiye aliyemchongea Severini msalaba, mama atataka kumuuliza mambo ambayo wewe hukuyaona. Peleka blanketi na karatasi ya kipande, mkabidhi. Mpigie magoti. Akikuuliza umejua lini, mwambie siku kamili. Atakasirika. Wacha akasirike, usijitetee, usitaje watoto kama ngao. Ukishatoka kwake nenda kwa padre ukamwambie, jina lisomwe kanisani, na jumbe aambiwe pia. Watu watakutazama, kama ulivyosema. Wakikuuliza ulificha nini, wajibu kwamba uliogopa kuwaliza watoto. Wako watakaonong'ona, lakini wengi wao ni akina mama, wataelewa zaidi ya unavyofikiri.

Kazi za mikono msiziache. Pango limalizeni hata kama sikukuu itakuwa ya machozi, ila usimpe mtoto udongo ili anyamaze. Mpe akiutaka. Akimfinyanga mtu na kumweka pembeni mwa pango, usimuulize ni nani, usimhamishe. Kuhesabu usimlazimishe. Wewe hesabu kwa sauti ukiwa kazini, hatua za kwenda mtoni, mashuke unayokoboa, na siku moja utakosea kidogo bila kukusudia, kama sote tunavyokosea. Atakurekebisha mwenyewe. Siku hiyo mshukuru, usicheke.

Na acha kutoka nje kutazama mvua. Lia ndani. Wakikuona unalia kwa ajili ya baba yao watajua kwamba na wao wanaruhusiwa.

Najua utaisoma karatasi hii, utaikunja, utasema kesho. Nimelifikiria hilo. Mwanamke aliyekuletea barua hii anaitwa Theresia, ni mtu wa huko huko Morogoro, na mume wake pia alibaki relini. Nimemwambia asiteremke mlima leo mpaka uwe umewaambia watoto. Hatakuhimiza, si mtu wa maneno mengi, lakini hataondoka. Mpe maji ya kunywa, mwachie Petro, kisha mwite Rosa aje ndani.